Folda ya Kumi na Saba

Arnold's Cove, Newfoundland
19 Januari 2014

Mwanangu Dermot,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima, isipokuwa paka, ambaye ametangaza mgomo wa kutoka nje mpaka theluji iishe. Imefunika madirisha yote ya upande wa bahari. Jirani yangu, yule wa paa jekundu, ananifukulia njia kila asubuhi, kisha anaingia kunywa chai yangu mpaka birika linalia kwa ukavu. Tumepata padri mpya. Mahubiri yake ni mafupi na watu wameanza kuwahi kanisani. Nyinyi je? Lorraine hajambo? Na wale wawili, shule wanaiweza? Na huyo kaka yangu unayemfuga chini ya nyumba, bado anaongea au ameacha kabisa?

Utashangaa kupata barua ya kalamu. Simu unajua mwenyewe, sikio la kushoto limestaafu na la kulia linafanya kazi nusu siku. Barua pepe nayo haiendi, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Kompyuta inaumwa. Naiwasha, naenda kuosha vyombo, narudi, bado inawaza. Nikamwita fundi kutoka Clarenville. Aliigusagusa, akaguna, akasema, "Mama, hii ipigwe windo upya."

"Maana yake nini?"

"Tunafuta kila kitu, tunaweka mfumo mpya."

Nikamwambia avae viatu vyake aende zake.

Dermot, hicho "kila kitu" ni Marrigan. Unajua kwamba tangu nistaafu nakusanya picha na sauti za watu wa kila nyumba iliyokuwa kisiwani kabla serikali haijatuhamisha. Agosti hii tunarudi kwa boti, koo zote, na wengi wao hawajawahi kukanyaga pale. Nimewaahidi kumsimamisha kila mtu mlangoni kwa babu yake, ingawa milango yenyewe haipo tena, ni nyasi tu. Marrigan yote nimeiweka ndani ya hii mashine. Ikifutika, sina pengine.

Wewe unatibu malori makubwa kama nyumba huko machimboni. Kompyuta ya bibi kizee itakushinda? Niambie nifanye nini, maana mwingine simwamini.

Shangazi yako,
Mena


Fort McMurray, Alberta
9 Februari 2014

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika nikiwa zamu kambini, ikakaa kwenye meza ya jikoni, na Lorraine akawa anaitazama kwa hofu kwa sababu hajawahi kuona mtu anatuandikia kwa mkono isipokuwa kuna msiba. Anakusalimu sana na anaulizia ile jemu nyekundu. Baridi ya huku juzi ilivunja ufunguo ndani ya kitasa cha gari. Kieran na Maeve wapo kwenye hoki asubuhi na jioni, na Maeve ameng'olewa jino uwanjani, analionyesha kwa kila mgeni. Baba hajambo, yuko chini na televisheni yake. Nilipomwambia umeandika alisema, "Ehe." Kwake hiyo ni hotuba.

Sasa, mgonjwa wetu. Fundi alikuambia ukweli ila alianzia mkiani. Kufuta ni kazi ya dakika chache, na kunakili vitu kwenye diski ya nje hata Kieran anaweza. Kinachowatesa watu ni kujua wana nini. Kila mtu anakumbuka picha zake. Anwani za watu anaowaandikia hazikumbuki, wala nywila, wala ile programu ndogo inayoifanya printa ikubali kuchapa. Wiki tatu baadaye ndipo anashika kichwa. Mwenzangu kambini alihifadhi muziki wake wote, akasahau kazi ya mkewe ya mwaka mzima. Alilala kwenye gari.

Kwa hiyo nisaidie. Kaa mbele ya mashine, uniandikie unachokiona, na usiniambie "vitu vyangu". Ukiwasha, nini kinakuja usoni? Folda zinaitwaje? Kila siku unafungua nini? Kitu gani ukikikosa utalia, na kitu gani kikipotea hutajua hata kama kilikuwepo?

Pasaka nina likizo. Nitakuja mwenyewe niifanye, usimruhusu mtu mwingine aiguse. Kusema kweli natamani kuona kilichomo. Nimesikia habari za Marrigan maisha yangu yote, lakini kwa watu wa nje tu, nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kunisimulia.

Mwanao,
Dermot


Arnold's Cove
2 Machi 2014

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole kwa ufunguo, na hongera kwa jino. Mwambie binti yako kwamba mama yangu naye alipoteza moja kwa mpira wa barafu, kwenye bwawa nyuma ya kanisa, na bado alipata mume. Jemu ipo, nimekuwekea chupa mbili. Jirani wa paa jekundu aliiona akaniomba, nikamwambia ni dawa.

Umenihoji kama polisi, nami nitajibu kama raia mwema. Kila siku nafungua mchezo wa karata, na usiniulize kama nashinda. Nafungua hali ya hewa. Nafungua tangazo la vifo, nijue nani ametutangulia na ibada ni saa ngapi. Nywila ninayo moja tu kwa kila kitu, ni jina la paka aliyekufa, na siiandiki hapa kwa sababu mama wa posta huinua bahasha kwenye taa. Printa sijali, tuligombana zamani.

Nitakachokililia unakijua. Ukiwasha tu, ndiyo hiyo inayokuja usoni: picha ya Marrigan iliyopigwa kutoka kwenye ndege kabla hatujahama, imejaa skrini nzima, kanisa, gati, vichanja vya samaki, mpaka kamba za nguo. Na juu yake zipo folda zangu arobaini na moja.

Majina hazina. Mashine inaziita Folda Mpya, Folda Mpya ya pili, ya tatu, na kuendelea, nami nimeiacha ijiitie. Nani aliwahi kuandika jina kwenye mlango wake Marrigan? Hata hodi hatukupiga. Ulisukuma mlango, ukaingia, ukakaa karibu na jiko, ukaletewa chai. Aliyebisha alikuwa askari au mgeni, na watu walitazamana kwanza kabla ya kumfungulia. Siku hizi nabofya mara mbili, na hiyo naona ni adabu ya kutosha.

Basi niwekee Marrigan kama ilivyo. Mengine yote yakipotea hewala.

Umemwuliza baba yako habari za Agosti? Mwambie nimemwekea nafasi kwenye boti ya kwanza. Akikataa, niandikie alivyokataa, neno kwa neno.

Mena


Fort McMurray
23 Machi 2014

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wote wazima. Kieran ana mafua, mimi nayasubiri.

Umetaka neno kwa neno. Nilishuka na bia mbili, nikakaa naye mpaka mapumziko ya mchezo. Nikasema, "Shangazi anasema mnaenda Marrigan Agosti."

"Marrigan kuna nini?"

"Si ndiko kwenu?"

"Kwetu pale hakuna kitu." Halafu akaongeza sauti ya televisheni, na kulikuwa na tangazo la sabuni.

Hivi ni kwa nini, Shangazi? Mwenzangu mmoja kazini, mjukuu wa akina Pomeroy, ana picha ya nyumba ya babu yake ikiwa imefungiwa mapipa chini, inavutwa na boti kuvuka ghuba kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Nyumba ile bado iko hapo Arnold's Cove na watu wanaishi. Yetu sisi ilikuwa ipi? Nilikuuliza nikiwa mdogo, ukanipa biskuti. Nilikuuliza tena siku ya kipaimara, ukanipa mbili.

Nafika Alhamisi Kuu. Nitakuuliza mara ya tatu, na sasa hivi nimeacha sukari.

Dermot


Fort McMurray
4 Mei 2014

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa wiki ile. Nimerudi na kilo ambazo Lorraine anazihesabu kwa macho. Samaki wa chumvi uliomfungia baba alifika salama. Abiria wenzangu walimnusa njia nzima, na baba alimla peke yake amesimama pale jikoni.

Nafurahi mashine inakwenda. Uliona mwenyewe: unabonyeza, inawaka kabla hujaketi. Nikuandikie nilichofanya, ukiweke. Karata zako zipo, anwani zipo, tangazo la vifo lipo palepale juu. Picha ya Marrigan nimeirudisha usoni, safi kabisa. Folda zote nimezinakili kwenye diski ya nje ninayotunza mimi, na nakala nyingine nimeirudisha kwenye mashine. Zilikuwa zimetawanyika ovyo, nyingine zimepandiana. Sasa zimepanga mstari upande wa kushoto kwa namba zake, huhangaiki kutafuta. Nilichotupa ni takataka tu: programu zilizokufa, mabaki ya printa yako mgomvi, na folda moja, ya kumi na saba, niliyoifungua nikaikuta tupu.

Ila nina swali. Asubuhi ya kuondoka, nilipokuwa nakula mayai, ulikaa mbele ya skrini muda mrefu ukiwa umeweka mkono mdomoni. Nilikuuliza, "Vipi, imependeza?" ukasema, "Inakwenda haraka." Kisha ukaenda kumlisha paka ambaye alikuwa ameshakula. Kuna kitu hakifanyi kazi?

Na swali langu la tatu hukulijibu. Ulinipa keki nzima.

Dermot


Fort McMurray
25 Mei 2014

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu, na mama yako wa posta simsingizii. Nilipiga simu Jumapili, ukapokea, ukasema, "Sisikii," ukakata. Mimi nilikusikia vizuri sana, na ulikuwa unanisikia.

Kama nimeharibu kitu niambie. Diski ninayo na hakuna kilichopotea.

Dermot


Arnold's Cove
8 Juni 2014

Dermot,

Tumsifu Yesu Kristo. Mlima wa barafu umekwama mlangoni mwa ghuba tangu Ijumaa, watu wanakuja na magari kuupiga picha, na vijana wanaukata vipande kwa ajili ya vinywaji vyao. Paka ametoka nje. Mimi sijambo.

Nimeanza barua hii mara nne, nyingine zimewasha jiko. Nilikuwa nimekukasirikia na sikutaka kukuandikia matusi siku za Bikira Maria. Sasa Mei, mwezi wake, umeisha.

Umenipangia Marrigan mstari mmoja kama makaburi ya jeshi. Zile folda hazikuwa ovyo hata kidogo. Kila moja ilikuwa imekaa juu ya nyumba yake. Wa juu ya gati walikuwa juu ya gati, wa nyuma ya kanisa walikuwa nyuma ya kanisa. Zilizopandiana zilipandiana kwa sababu nyumba zenyewe zilipandiana, ukipiga chafya kwa mmoja unaombewa heri kwa mwingine. Niliifanya kazi hiyo miaka kumi. Majina sikuweka kwa sababu mahali ndipo jina lenyewe. Nilikuambia uiache kama ilivyo, wewe ukaokoa vilivyomo ndani ya nyumba, ukazing'oa nyumba.

Utasema, si uzirudishe tu. Haya, nikuambie jambo ambalo hata padri sijamwambia. Majina yananitoka. Hukuona kwamba katika barua zote hizi sijamtaja jirani yangu kwa jina? Nimekaa naye mlango kwa mlango tangu ujana. Nikimwona dirishani kwake najua kila kitu chake, mpaka ugonjwa wa tumbo wa mama yake, lakini jina linakuja akishaondoka. Watoto wako nao niliwaita "wale wawili", unisamehe. Daktari wa Clarenville alinipa karatasi nichore saa. Nikaichora, na akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Lakini mahali hapajanitoka. Nilipoiona folda pale kwenye mteremko, nilijua kwa nani, nani alizaliwa humo, nani alicheka namna gani. Ukiitoa pale, ni sauti ya mzee fulani anasimulia habari za mbuzi. Nimejaribu kuzirudisha. Nafungua, nasikiliza, naiburuta mpaka mahali pake, naridhika. Kesho yake naona nimewaweka wawili kwenye nyumba moja. Na Agosti watakuja watu wameshika mikono ya watoto wao, waniulize, "Sisi ni wapi?" Nikiwasimamisha kwenye nyasi za watu wengine, hakuna wa kunisahihisha, na uongo huo utabaki. Naogopa, Dermot. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Walioijua Marrigan nyumba kwa nyumba wamekwenda. Waliokuwa wadogo walijua kwao na dukani tu. Wa rika langu mwenye akili timamu amebaki mmoja, naye anatazama hoki chini ya nyumba yako.

Na kuna moja haipo. Baada ya kumi na sita inakuja kumi na nane. Niliona asubuhi ileile, wewe unakula mayai. Juu ya hiyo sitasema zaidi.

Mena


Fort McMurray
29 Juni 2014

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nimekaa ndani ya gari nje ya posta, nikairudia, na nililia. Nisamehe. Nilikuwa na wiki nzima ya kukuuliza, "Kwa nini hii iko hapa?" na sikuuliza, kwa sababu nilidhani najua maana ya vitu kukaa vizuri.

Habari za nyumbani ni njema. Nataka kukusimulia juu ya baba, na nitasimulia polepole kwa sababu bado siamini.

Kazini tuna printa ya kuchapia michoro, upana wake kama mlango. Nikachapa ile picha ya Marrigan, nikaibandika ukutani jikoni, nikamwekea Maeve pini za rangi. Sikumwambia baba kitu. Alipopanda juu kuchukua chai yake, mimi nikawa nimeshika pini, nasema kwa sauti, "Hii hapa juu ya gati, bila shaka ndiyo ya akina Pomeroy."

Akapita. Akafika ngazini, akasimama.

"Pomeroy?" akasema. "Pomeroy gani wewe punda? Hapo ni kwa Bill Casey. Pomeroy walikuwa nyuma ya kanisa, mbuzi wao walikuwa wanakula maua ya padri."

"Ahaa. Basi hii pembeni ni ya akina Fulford."

"Nani anakufundisha? Fulford walikaa ng'ambo ya kijito, hawakutaka kusikia kengele. Lete hizo pini."

Sikukosea tena makusudi, Shangazi, maana hakukuwa na haja. Nilifungua nakala kwenye diski, folda baada ya folda. Nilimwekea sauti, naye alisikiliza amefumba macho. Wakati mwingine sentensi moja ilimtosha. "Huyo ni Bride Ennis. Sikia anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo." Kwa mmoja alicheka mpaka Lorraine akashuka kuangalia kama kuna mtu anasongwa na chakula. Kwa mwingine alitoka nje, akakaa kwenye ngazi za nyuma, na sikumfuata. Tulifanya hivyo jioni kadhaa. Hoki ilikuwa ikichezwa chini peke yake. Kieran aliandika namba ya folda kwenye kila pini, na zote arobaini zimekaa.

Mwisho ilibaki pini moja mkononi mwa baba, nyeusi. Nilidhani anairudisha kwenye kopo. Akaichomeka majini. Katikati ya ghuba, pasipo na kitu.

Maeve akamwuliza, "Babu, hapo hakuna nyumba."

"Ipo," akasema. "Ni yetu."

Akatusimulia akiwa amesimama. Kwamba mlikuwa wa mwisho kuhama. Kwamba babu alitoa madirisha, akafunga mapipa chini, na boti zikaivuta asubuhi ya shwari kabisa. Bibi aliacha vikombe kabatini na birika juu ya jiko, kwa sababu alisema tukifika ng'ambo tutakunywa chai kwanza, mengine baadaye. Kwamba upepo uligeuka katikati ya safari, kamba za mapipa zikakatika upande mmoja, na ilizama taratibu, jikoni kwanza, na nyinyi wawili mlikuwa kwenye boti ya nyuma mnaitazama mpaka bomba la moshi. Kwamba jioni ile babu alisema, "Hatukuwa na nyumba," na hakuna aliyethubutu kusema vingine maisha yake yote.

"Hata mimi na Mena hatujawahi kuizungumza," akasema. "Hata mara moja." Kisha akaomba chai.

Hapo ndipo nilipokumbuka ya kumi na saba. Nilipoifungua na kuikuta tupu sikuangalia hata ilikuwa imekaa wapi. Sasa najua ilikuwa wapi. Katika vyote ulivyokuwa navyo, nilikitupa hicho, na nikakuandikia kwa majivuno kwamba nimekitupa.

Picha yenye pini imo kwenye bomba hili la karatasi, pamoja na namba zote. Ziburute zikae mahali pake, halafu uzifungie zisisogee, nimekuandikia namna nyuma ya picha. Hiyo ya mwisho ningeweza kukutengenezea mimi, lakini naona si mkono wangu unaofaa. Ni rahisi. Bofya kulia juu ya skrini, mahali popote palipo wazi, chagua Mpya, chagua Folda. Basi.

Baba amekata tiketi. Anasema anakuja kuhakikisha huwadanganyi watu.

Mwanao,
Dermot


Arnold's Cove
27 Julai 2014

Mwanangu Dermot,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku kuna joto, nzi, na kaka yangu Fonse. Amemaliza jemu. Analala na dirisha wazi na anakoroma mpaka jirani amelalamika. Jirani yangu anaitwa Cyril Ennis, nimeliandika haraka Fonse akiwa amesimama hapa kulitaja. Wasalimie Lorraine, Kieran na Maeve. Majina hayo nimeyaandika mwenyewe.

Picha ilifika imepindapinda lakini nzima. Tumezirudisha zote, mimi kwenye kipanya, yeye kwenye pini, anaita namba kama padri anaita wanaobatizwa. Mbili tuligombana. Moja nilishinda. Sasa nikiwasha, Marrigan inakuja usoni kama ilivyokuwa, na jana nilikaa nikapita mlango kwa mlango kutoka gatini mpaka ng'ambo ya kijito, sikukosa hata mmoja. Boti zinaondoka Jumamosi ijayo hali ya hewa ikituruhusu. Sijalala vizuri namna hii tangu Pasaka.

Ile moja tuliiacha ya mwisho. Siku mbili tulikuwa tunaizunguka, tunapika, tunafua, tunamtafuta paka ambaye hajapotea. Juzi baada ya chai Fonse akavuta kiti, akasema, "Haya, Mena." Sikumbuki kama amewahi kuniambia maneno mengine juu ya jambo lile.

Nikabofya kulia. Nikachagua Mpya, nikachagua Folda. Nilitegemea itaitwa ya arobaini na mbili, maana ndiyo inayofuata. Ilitokea juu ya skrini imeandikwa Folda Mpya (17).

Fonse akauliza, "Umeiambia wewe?"

"Sijaiambia kitu."

"Imejuaje?"

Nilimwambia nadhani mashine hutafuta namba iliyo wazi kwanza, na hiyo ilikuwa wazi muda wote huu, hakuna aliyeichukua. Akatikisa kichwa mara nyingi. Nikaiburuta mpaka majini nikaiacha. Akasema, "Siyo hapo, sogeza kushoto, tulikuwa tumeshapita mwamba." Nikamwambia mwamba tulikuwa hatujaufikia, mimi ndiye niliyekuwa upande wa mwamba. Akasema mimi nilikuwa nimejifunika blanketi usoni. Nikasema nilitoa jicho moja. Dermot, tulibishana mpaka Cyril Ennis akaja kuuliza kama tunahitaji msaada, na tulikuwa tunalia na kucheka, tukamfukuza.

Imekaa katikati, kushoto kidogo ya nilipotaka mimi, kulia kidogo ya alipotaka yeye. Haina kitu ndani. Ukija tena kusafisha, iache.

Mena na Fonse